Ukijenga Katika Dunia ya Wenyewe, Uliza Kwanza Njia ya Kutokea

Mjini Mombasa, hasa katika mitaa kama Majengo, ipo desturi ambayo mgeni kutoka bara huistaajabia anapoisikia kwa mara ya kwanza. Mtu humiliki nyumba pasipo kumiliki ardhi iliyo chini yake. Kuta ni zake, paa ni lake, milango na madirisha ni vyake, ilhali kiwanja ni cha mtu mwingine ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Siku mambo yaendapo mrama na mwenye kiwanja akakitaka kiwanja chake, mwenye nyumba huwa katika dhiki kubwa. Lakini hata katika dhiki hiyo hubakiwa na jambo moja la kumfariji: aweza kuezua mabati, kung'oa milango, kubeba boriti zake na kwenda kujenga kwingine.

Nimeanza na desturi hii kwa sababu wako watu wengi duniani leo, wakiwamo walimu na wanafunzi, ambao wamejenga katika viwanja vya wenyewe bila hata hiyo haki ya kuondoka na mabati yao. Viwanja nivisemavyo havimo Majengo wala Kisauni. Vimo katika zile dunia zinazoundwa kwa programu za tarakilishi na kufikiwa kupitia intaneti, ambazo katika makala haya nitaziita dunia pepe.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajapata kuingia humo, dunia pepe ni mahali panapoonekana kwenye kioo cha tarakilishi pakiwa na ardhi, bahari, majumba na barabara. Aingiaye huwakilishwa na umbo liitwalo avata, ambalo hutembea, huzungumza na wenzake na hushika vitu kwa amri ya mwenyewe. Asili ya mambo haya ni mchezo wa maandishi matupu uliobuniwa mwaka wa 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Tangu hapo dunia hizi zimepata rangi, sauti, biashara na, mwishowe, matajiri wakubwa. Mnamo Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilibadilisha hata jina lake ikajiita Meta, ili kuonyesha kwamba huko ndiko ilikoelekeza macho yake.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni dunia iitwayo Second Life, iliyofunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Hii si mchezo wenye mshindi na mshinde. Takriban kila kitu kilichomo kimeundwa na wakazi wenyewe, kuanzia viatu vya avata hadi makanisa na misikiti. Novemba mwaka huo huo kampuni ilitangaza kwamba wakazi watabaki na hakimiliki ya vitu wanavyoviunda, jambo ambalo lilisifiwa sana wakati huo. Dunia hiyo ina sarafu yake, Linden dola, inayoweza kubadilishwa kwa dola za Marekani. Watu walifungua maduka, wakauza mavazi, wakakodisha ardhi. Mwaka wa 2007 nchi za Maldives na Uswidi zilifungua balozi humo. Vyuo vikuu navyo havikubaki nyuma: vilinunua visiwa, vikajenga kumbi za mihadhara, maktaba na maabara, na walimu wakaanza kufundisha.

Yaliyowafika walimu hao ndiyo yanayonishughulisha. Kwa miaka kadhaa taasisi za elimu zilikuwa zikilipa nusu tu ya bei ya kawaida. Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba tangu Januari 2011 punguzo hilo litakoma. Kila mwalimu ajuaye jinsi bajeti ya idara inavyopitishwa atafahamu maana ya gharama kuongezeka maradufu katikati ya mwaka wa masomo. Baadhi ya vyuo vilikaza mishipi vikabaki. Vingine viliamua kuhama, na hapo ndipo vilipogundua kwamba mlango wa kuingilia ulikuwa mpana kuliko mlango wa kutokea.

Fikiria jinsi darasa linavyojengwa. Mwalimu mmoja huunda kuta, mwanafunzi aliyekwisha hitimu aliunda viti, miti ilinunuliwa katika duka la mkazi mwingine, na ubao ulitolewa zawadi na mtu asiyejulikana alipo. Kwa masharti ya dunia ile, programu ya kuingilia iliruhusiwa kumtolea mtu vitu alivyoviunda yeye mwenyewe peke yake. Kwa hiyo jengo la mikono mingi lilivunjikia mlangoni. Hakimiliki ilikuwapo, tena imeandikwa vizuri, lakini gari la kuhamia halikuwapo. Mwaka wa 2013 kampuni ililirudisha punguzo, ila kwa vyuo vilivyokuwa vimekwisha hama, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Hapa pana tofauti ambayo ningependa wasomaji waizingatie. Haki ya kumiliki kitu ni jambo moja, na uwezo wa kuondoka nacho ni jambo jingine. Mwaka wa 2006 wakili mmoja wa Pennsylvania, Marc Bragg, aliishtaki Linden Lab baada ya kampuni kufunga akaunti yake na kumnyang'anya ardhi aliyokuwa ameinunua humo. Kampuni ilidai kwamba alitumia hila katika mnada, naye akadai kwamba mali ni mali. Mei 2007 mahakama ya shirikisho iliona kwamba baadhi ya masharti aliyotakiwa kuyakubali yalielemea mno upande wa kampuni, ikakataa kesi isilazimishwe kuamuliwa na msuluhishi nje ya mahakama. Miezi michache baadaye pande mbili zikapatana. Kwa hivyo swali kuu, yaani ardhi ya dunia pepe ni mali ya nani hasa, halikupata jawabu la hakimu.

Isitoshe, dunia yenyewe yaweza kutoweka. EA-Land, ambayo awali iliitwa The Sims Online, ilifungwa Agosti 2008. Lively ya Google ilifunguliwa Julai 2008 na kufungwa mwisho wa mwaka huo huo, kabla hata ya wakazi wake kuzoeana. Club Penguin, iliyopendwa na watoto, ilianza mwaka wa 2005, ikanunuliwa na Disney mwaka wa 2007, ikafungwa Machi 2017. AltspaceVR ya Microsoft ilifungwa Machi 2023. Siilaumu kampuni kwa kufunga biashara isiyolipa, kwani hata muuza mahamri hufunga kibanda wateja wakipungua. Lawama ni kwamba katika biashara hii ya ajabu, kibanda kikifungwa, kufuli hutiwa hata kwenye vyombo vya mteja.

Je, mambo hayangeweza kuwa vingine? Yangeweza, na ushahidi upo. Januari 2007 Linden Lab yenyewe ilitoa hadharani msimbo wa programu inayotumiwa kuingilia Second Life, ili yeyote ausome na kuurekebisha. Mwaka huo huo watu wa kujitolea walianza kuunda OpenSimulator, programu huria inayomwezesha mtu kuanzisha dunia yake katika seva yake mwenyewe. Julai 2008 Linden Lab na IBM walifanikiwa kuivusha avata kutoka dunia moja hadi nyingine. Ilikuwa hatua kubwa, ijapokuwa msafiri alivuka mikono mitupu, kwani mavazi na mali zake zilibaki alikotoka. Baadaye Cristina Lopes, profesa wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, alibuni mfumo uitwao Hypergrid, ambao huziunganisha seva za watu mbalimbali hivi kwamba avata hutoka kwa huyu ikaingia kwa yule pamoja na mizigo yake.

OpenSimulator ina jambo jingine ambalo kwa mwalimu lina thamani kuliko yote hayo. Kisiwa kizima, pamoja na ardhi yake, majengo yake na picha zake, chaweza kuhifadhiwa katika faili moja. Faili hiyo mwalimu huiweka kabatini, akaifungua tena mwaka ujao katika seva nyingine. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na faili ile ndiyo daftari la mali hii.

Wapo wanaoupinga uwazi huu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Novemba 2006 ilizuka katika Second Life programu iliyoitwa CopyBot, ambayo iliweza kunakili umbo na sura ya vitu bila idhini ya walioviunda. Wenye maduka waliingiwa na hofu, wengine wakafunga milango kwa kulalamika, nayo kampuni ikatangaza kwamba kunakili kazi ya mtu kwa programu hiyo ni kuvunja masharti. Fundi aliyekesha akishona mavazi ya avata ana haki ya kuuliza: mipaka ikifunguliwa, nani atamzuia mwizi kuvuka na kazi yangu?

Jawabu langu ni kwamba haki ya kuhama haimruhusu mtu kuhama na cha jirani. Mpangaji ahamaye hubeba kitanda chake, hambebei jirani jiko lake. Ninalolidai ni kwamba kila mtu aweze kutoka na alichokiunda mwenyewe, na kwamba kazi ya wengi iandikiwe tangu mwanzo idhini ya pamoja, ili idhini hiyo isafiri na kitu kama hati ya gari inavyosafiri na gari. Aidha, mazungumzo ya watu wengine yasibebwe kiholela kwa kisingizio cha uwazi. Ukuta uliojengwa kumzuia mwizi usitumiwe kumfungia ndani mwenye mali.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na katika suala hili naona kisa ambacho sisi wa Kiswahili tumekwisha kukipitia. Kabla ya usanifishaji, kila misheni na kila serikali ya kikoloni ilikiandika Kiswahili kwa namna yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Faida yake tunaiona hadi leo: kitabu kilichochapishwa Nairobi husomwa Dodoma bila mkalimani. Muundo wa faili nao ni tahajia. Ni makubaliano ya jinsi ya kuandika ukuta, mti au uso wa mtu ili programu nyingine iweze kuusoma. Tahajia ya namna hiyo imekwisha kuanza. Kundi la Khronos lilitoa muundo uitwao glTF mwaka wa 2015, likaufanyia marekebisho makubwa mwaka wa 2017, na mwaka wa 2022 ukakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Muundo huo hubeba umbo, rangi na mwendo wa kitu. Haubebi bei yake, wala hauthibitishi ni cha nani, wala hauhakikishi kwamba mlango uliofunguka kwa kuguswa katika dunia moja utafunguka katika dunia nyingine. Msamiati umepatikana, lakini sarufi yote bado.

Hata hivyo, kisa cha Kiswahili kina upande wa pili, na mtu wa Mombasa atanikumbusha nisipoutaja. Kimvita, lahaja iliyokuwa na utajiri wa ushairi tangu enzi za Muyaka, kiliachwa kando, na wazungumzaji wa kawaida hawakuulizwa. Asiyekuwapo viwango vinapowekwa huishi na viwango vya wenzake. Juni 2022 liliundwa baraza liitwalo Metaverse Standards Forum ili kuzikutanisha kampuni na mashirika yanayotunga viwango vya dunia pepe, Meta na Microsoft zikiwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, vyenye wataalamu wa tarakilishi, wa sheria na wa lugha, havina udhuru wa kukaa barazani vikingoja kuletewa sanifu iliyokwisha kupikwa.

Nchini Kenya tuna msingi wa kuanzia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, katika kifungu chake cha 38, humpa mtu haki ya kupokea data zake binafsi zikiwa zimepangwa, katika muundo unaotumika sana na unaosomeka kwa mashine, na hata kuomba zipelekwe moja kwa moja kwingineko pale inapowezekana kiufundi. Ombi hilo yapasa litekelezwe katika muda wa siku 30, ingawa muda waweza kuongezwa likiwa zito. Ulaya ina haki kama hiyo katika kanuni zake zilizoanza kutumika Mei 2018. Wala sisi si wageni wa wazo lenyewe. Tangu Aprili 2011 Mkenya aweza kuhama kampuni ya simu akabaki na nambari yake ile ile. Ni wachache waliohama, lakini kampuni ijuayo kwamba mteja aweza kuondoka humtazama kwa jicho jingine. Tukumbuke pia kwamba mlango huo haukujifungua wenyewe. Uliamriwa ufunguliwe na Tume ya Mawasiliano.

Kasoro ya sheria zetu ni kwamba zinazungumzia data binafsi, yaani habari zinazomhusu mtu. Jina, anwani na orodha ya malipo yako vimo bila shaka. Je, darasa ulilolijenga kwa miaka mitatu limo? Hapo wanasheria wanaweza kubishana hadi jogoo awike.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuonja uchungu wa kasoro hii. Mwaka wa 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, niliwafundisha wanafunzi wangu kupitia huduma moja ya bure mtandaoni. Haikuwa dunia pepe yenye majumba na avata, lakini kiwanja kilikuwa cha wenyewe vile vile. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa kwao, niliwaagiza waandike katika ukumbi wa majadiliano maneno ya kazi za watu wao. Kijana wa Vanga aliorodhesha majina ya pepo na ya sehemu za dau. Binti wa Marsabit alieleza jinsi ngamia anavyoitwa tangu kuzaliwa hadi uzee wake, akimnukuu babu yake. Muhula ulipokwisha tulikuwa na hazina ambayo hakuna kamusi iliyokuwa nayo. Kisha masharti ya huduma yakabadilika na akaunti za bure zikafungwa. Nilipoandika kuomba kazi yetu, nilitumiwa faili yenye majina ya wanafunzi na tarehe walizoingia. Maneno hayakuwamo. Babu wa binti yule amekwisha kufariki, naye hakuwa ameyaandika kwingine. Kosa la kutoweka akiba lilikuwa langu, na silikani.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu kwamba kabla ya kuwaingiza wanafunzi katika dunia yoyote ya mtandaoni, iwe ya bure au ya kulipia, waulize maswali matatu. Je, naweza kuitoa kazi yangu yote leo, nikiwa bado nina akaunti? Je, kile nitakachokitoa chaweza kufunguliwa na programu nyingine isiyo ya kampuni hii? Na ikiwa dunia hii itafungwa, nitapewa muda gani wa kuhama? Wasitosheke na majibu ya mdomo. Wajaribu kuhama wiki ya kwanza, wakati bado wana kiti na meza tu, badala ya kungoja wawe na jumba.

Kwa vyuo vyetu, napendekeza angalau seva moja ya programu huria inayoendeshwa na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi chini ya walimu wao. Sidai kwamba ni njia rahisi. Seva yataka fundi, umeme usiokatika na mtu wa kuamka usiku mambo yanapoharibika, na sura yake haitang'aa kama ya kampuni tajiri. Lakini wanafunzi watajifunza jinsi dunia hizi zinavyoundwa badala ya kuwa wapangaji wa kudumu. Bunge nalo, litakapoirekebisha Sheria ya Kulinda Data, liitaje kwa jina kazi ambayo mtu ameiunda ndani ya huduma ya mtandaoni, na liilazimishe kampuni inayofunga kutoa ilani ya kutosha pamoja na faili zinazosomeka.

Nanyi wanafunzi, ambao mtaishi na dunia hizi muda mrefu kuliko sisi, msione haya kusoma masharti kabla ya kubonyeza neno la kukubali. Mzee wa Majengo, hata yule asiyejua kusoma, hajengi kabla ya kuelewana na mwenye kiwanja kuhusu siku ya kuondoka. Sisi tulio na vyeti tusishindwe kuuliza anachouliza yeye.